UCHOVU SI UVIVU: Hotuba kwa Wauguzi wa Makadara

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Makadara, Nairobi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo, na kwa ajili ya wale waliokuwa wamelala kwa kuwa walitoka zamu asubuhi.)



Twajua ya kuwa wengine wenu mmetoka wodini moja kwa moja, na hamjalala tangu jana. Kule nyuma tumewaona watatu ambao vichwa vimeanza kuanguka. Hatutawaamsha, maana mkutano wa leo ni juu yao.

Jambo tulilokuja kulisema ni moja. Uchovu wa muuguzi si uvivu, wala si tabia mbaya. Ni hatari ya kazini, kama vile mkanda wa mashine usiokuwa na kinga katika kiwanda huko Viwandani. Mtu akikatwa kidole na mashine ile, chama hakimwambii ajitahidi zaidi. Chama humwambia tajiri aweke kinga. Basi na sisi twataka kinga, na kinga yetu inaanzia kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani katika kila wodi, yaani rota.

Tuwape habari iliyotupata sisi wenyewe. Hospitali hatuitaji, kwa kuwa hatukuja hapa kumshitaki mtu. Ulikuwa usiku wetu wa nne mfululizo. Tulikuwa wauguzi wawili, vitanda vimejaa, na vingine vina wagonjwa wawili wawili. Yapata saa 11 alfajiri, tulipokuwa tukiharakisha dawa ili zamu ya asubuhi ikute kazi imekwisha, mwenzetu mmoja alishika sindano ya insulini akamwendea mzee mwenye ugonjwa wa sukari. Mzee akamtazama, akasema kwa upole, "Sista, hiyo umenidunga sasa hivi tu."

Mwenzetu akasimama pale na sindano mkononi. Hakukumbuka. Akarudi kutazama karatasi ya dawa, akaona hakuna alama. Mzee akafunua shati, na pale tumboni palikuwa na tone la damu ambalo bado halijakauka. Kama mzee yule angekuwa amelala, au hajiwezi kusema, angepata dawa mara mbili. Sukari ingeshuka, naye angezama, na sisi tungepita kitandani tukidhani kwamba amepata usingizi mzuri.

Je, tulifanya nini baada ya hapo? Tulinyamaza. Hatukuandika mahali popote, kwa sababu mwenzetu wa mwisho aliyeandika kosa lake alijibiwa kwa barua ya onyo. Kwa hiyo kosa lile likaishia pale pale kitandani, na wodi haikujifunza lolote. Usiku wa tano tukarudi kazini kama kawaida.

Ndugu zetu, ni wangapi hapa walio na habari kama hiyo, ambayo hawajamwambia mtu? Msiinue mikono. Twajua.

Sasa tutazame uchovu huu unatoka wapi. Wataalamu wametueleza mambo mawili, na yote mawili mwaweza kuyapima katika miili yenu. La kwanza ni masaa ambayo mtu amekaa macho. La pili ni saa ya mwili wenyewe, ambayo haifuati rota ya mtu. Mwili wa binadamu umezoea kushuka usiku, na kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri ndipo unaposhuka chini kabisa. Hata ukiwa umelala mchana, saa hiyo macho huwa mazito na akili huenda polepole. Na hiyo ndiyo saa tunayoanza kugawa dawa za asubuhi.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, waliandika katika jarida la Nature juu ya watu waliowekwa macho na kupimwa. Baada ya kukaa macho masaa 17, mtu alifanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi kinamzuia kuendesha gari. Yalipofika masaa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10.

Tupige hesabu hiyo hapa Makadara. Mama mmoja wa Jericho anaamka saa 12 asubuhi kuwatayarisha watoto waende shule. Mchana anafua, anateka maji kwa kuwa ndiyo siku ya maji, anapika, na jioni anaingia zamu. Inapofika saa 5 usiku amekwisha kukaa macho masaa 17. Inapofika saa 11 alfajiri ni masaa 23. Hajaonja pombe hata tone moja. Lakini mkono unaoshika sindano ni kama mkono wa mlevi, na kosa likitokea yeye ndiye atakayeitwa ofisini.

Tena, mwaka 2004 huko Marekani, wauguzi 393 waliandika kila siku masaa yao na makosa yao. Ikaonekana kwamba zamu ilipofika masaa 12 na nusu au kupita hapo, hatari ya kukosea ilikuwa mara 3. Na mwaka 2003 Simon Folkard na Philip Tucker wa Uingereza walikusanya hesabu za ajali katika kazi za usiku. Waliona kwamba hatari ya usiku wa pili inapita ya usiku wa kwanza kwa asilimia 6, ya usiku wa tatu kwa asilimia 17, na ya usiku wa nne kwa asilimia 36. Kumbukeni kwamba mzee yule wa insulini alikutana nasi usiku wa nne.

Kwa hiyo atakayetuambia kwamba muuguzi mzuri hachoki, na tumwambie kwamba muuguzi mzuri ana mwili.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wengi hudhani kwamba hakuna sheria. Tazameni Jogoo Road hapo nje. Dereva wa matatu, kwa mabadiliko ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2012, hana ruhusa kuendesha zaidi ya masaa 8 katika kila masaa 24. Kama sheria hiyo inafuatwa au haifuatwi, hayo mnayajua wenyewe, lakini imeandikwa. Nchi ilikubali kwamba dereva aliyechoka huua watu. Je, muuguzi mwenye wagonjwa 40, mwenye dawa za usingizi na za moyo mkononi, yeye akichoka hafanyi madhara?

Mwaka 1977 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 149 juu ya wauguzi, na Kenya iliuridhia mwaka 1990. Mkataba huo unasema kwamba wauguzi wasipate hali iliyo chini ya ile ya wafanya kazi wengine katika masaa ya kazi, mapumziko ya wiki, na likizo. Pamoja nao lilitoka Pendekezo namba 157, ambalo linataja hesabu wazi: siku ya kazi, pamoja na masaa ya ziada, isizidi masaa 12, kati ya zamu moja na nyingine yapite masaa 12 ya kupumzika, na mapumziko ya wiki yasipungue masaa 36 mfululizo. Pendekezo si amri, na hatutawadanganya kwamba mwaweza kwenda nalo mahakamani hapo Makadara mkamshinda tajiri. Lakini ni kipimo, na mtu mwenye kipimo habishani bure.

Hapa kwetu, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa kila mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika siku 7, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini tazameni ajabu nyingine. Amri ya Jumla ya Mishahara, ambayo huwashika wale wasio na mkataba ulio bora, iliweka masaa 52 kwa wiki kwa mfanya kazi wa mchana, na masaa 60 kwa mfanya kazi wa usiku. Yaani yule ambaye mwili wake unashuka ndiye aliyeongezewa masaa 8. Aliyeandika hivyo labda alimfikiria mtu anayekaa kwenye kiti mlangoni. Hakumfikiria mtu anayepokea mtoto saa 9 usiku, na huku mama mwingine anatokwa na damu. Wenzetu walio katika hospitali ndogo za watu binafsi, ambako mkataba wa pamoja haujafika, ndio wanaoumia hapo.

Basi dawa ni nini? Jibu letu la zamani ni kwamba waajiriwe wauguzi zaidi. Ni kweli, na hatutaacha kulisema. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali za kaunti waligoma tangu tarehe 5 Juni mpaka tarehe 2 Novemba kwa ajili ya mkataba wa pamoja, na kila mmoja hapa ajua gharama yake, kwa wagonjwa na kwa nyumba zetu. Mambo ya fedha ni magumu, na huchukua miaka. Lakini ndugu, si kila jambo linahitaji fedha. Mengine yanahitaji kalamu na rula tu. Hayo ndiyo tunayotaka kuanza nayo, kwa kuwa hakuna atakayetujibu kwamba hazina ni tupu.

Jambo la kwanza la kalamu ni kuondoa "alasiri leo, asubuhi kesho." Mnajua zamu hiyo. Unatoka wodini saa 1 na nusu usiku, matatu hazijai upesi, unafika Maringo saa 3, unakula, unaoga, unalala saa 5. Saa 10 na nusu umeamka, kwa sababu saa 1 asubuhi unatakiwa kupokea ripoti. Umelala masaa 5 na nusu, na hapo hatujahesabu mtoto aliyelia. Anayepanga rota aweza kuliondoa jambo hilo bila kumwajiri mtu hata mmoja. Zamu zifuate mwendo wa jua: asubuhi, halafu alasiri, halafu usiku, ndipo mapumziko. Mwili huweza kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi.

Jambo la pili, usiku usizidi mitatu mfululizo mahali panapowezekana, na baada yake mtu alale siku kamili kabla ya kuitwa tena. Siku ya kutoka zamu ya usiku isihesabiwe kuwa ni siku ya mapumziko. Mtu aliyetoka kazini saa 2 asubuhi hajapumzika siku hiyo. Amelala tu, tena vibaya.

Jambo la tatu, rota ibandikwe mapema, angalau majuma mawili kabla, ili mama apange nani atabaki na watoto.

Jambo la nne, mapumziko ya usiku yaandikwe kwenye rota kama dawa inavyoandikwa. Usingizi mfupi wa dakika 20 unamrudishia mtu akili. Usiwe mrefu mno, maana anayeamka katika usingizi mzito huwa mzito yeye pia, na apewe dakika 15 za kunawa uso kabla ya kushika mgonjwa. Leo mwenzetu analala kwa siri juu ya kiti katika chumba cha nguo chafu, akisikiliza viatu vya sista mkuu. Sisi twataka alale wazi, kwa zamu, mwenzake akijua, na kitanda kimoja kitengwe kwa kazi hiyo.

Jambo la tano, kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri dawa za hatari, kama insulini, morfini na dawa za moyo, zitazamwe na watu wawili, na alama iwekwe pale pale kitandani kabla ya kuondoka. Kama hilo lingekuwa desturi yetu, yule mzee asingelazimika kuwa mkaguzi wetu.

Na la sita, anayeandika kwamba karibu akosee, asiadhibiwe kwa kuandika. Kosa lisiloandikwa litarudi tena usiku mwingine, na huenda siku hiyo mgonjwa hatakuwa macho.

Sasa, ndugu wanachama, tukisema juu ya tajiri tu tutakuwa tumesema nusu. Iko sehemu yetu.

Wako kati yetu wanaotoka zamu ya usiku asubuhi, wakaingia lokamu katika kliniki ya mtu binafsi mpaka jioni, na usiku wakarudi wodini. Hatuwatukani. Karo ya shule haingoji, na mshahara ukichelewa mwenye nyumba hachelewi. Lakini tukienda kwa mwajiri kudai masaa 12 ya kupumzika, naye akatuonyesha kwamba masaa hayo tumeyauza ng'ambo ya pili ya barabara, tutajibu nini? Kwa hiyo twaomba mwanachama asichukue lokamu katika siku anayotoka usiku. Achukue siku yake ya mapumziko ikiwa hana budi, lakini kwanza awe amelala usiku mmoja.

Wako pia wanaobadilishana zamu ili waunganishe siku nyingi za kazi, wapate juma zima la kwenda mashambani, Siaya, Machakos au Murang'a. Twaelewa hamu ya nyumbani. Lakini zamu 7 zilizofungwa pamoja ni hatari ile ile, hata kama tumeifunga wenyewe.

Na wako wakubwa wetu, masista wa siku nyingi, ambao kijana akilalamika humwambia, "Sisi tulivumilia, nanyi mvumilie." Mama zetu, twawaheshimu. Lakini mguu wenu uliovimba, na presha mliyo nayo leo, hayo si nishani. Wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2007, na wakarudia mwaka 2019, kwamba kazi ya usiku huenda inasababisha saratani. Tusiwarithishe watoto wetu jambo ambalo tungeliweza kulipunguza.

Neno dogo sasa kwa watu wa nyumbani, waume na majirani mlio hapa. Nyumba zetu za Eastlands mwazijua. Chumba kimoja au viwili, ukuta mmoja na jirani, redio ya kinyozi upande huu, fundi wa milango ya chuma upande ule, na watoto uwanjani. Mtu anayelala mchana hulala masaa machache kuliko wa usiku, hata pakiwa kimya. Mkimwona mama amelala saa 6 mchana, msiseme ni mvivu. Amewalinda wagonjwa mkiwa mmelala. Mumewe aning'inize blanketi zito dirishani, achukue simu yake aiweke chumba kingine, na maji ya siku hiyo ateke yeye. Hilo halipunguzi uanaume wa mtu.

Na wewe muuguzi, kabla ya usiku wa kwanza ulale kidogo mchana, hata saa moja na nusu. Chai au kahawa unywe mapema katika zamu. Uiache masaa 5 au 6 kabla ya kulala, maana hukaa mwilini muda mrefu. Ukitoka asubuhi usiendeshe pikipiki wala gari ukiwa unasinzia. Panda matatu, na umwombe makanga akuamshe kituo chako. Wengi wetu tumeamkia Donholm tulipotaka kushuka Hamza. Lakini msidhani ya kuwa chai na blanketi vitatosha. Hayo ni ya kujikinga mvua tu. Paa lililovuja ni rota.

Wazee wetu wa mitaa hii wanakumbuka kwamba vyama vya wafanya kazi katika Nairobi havikuanzishwa na watu wa viwandani peke yao. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji alipowakusanya wenzake wa Baraza, wakawa Chama cha Wafanya Kazi wa Serikali za Mitaa mwaka 1953. Alijua kupima mambo kabla ya kuyasema. Na sisi tupime.

Kwa hiyo tunaleta shauri hili mbele yenu. Kila wodi iwe na daftari moja, kwa majuma 4. Kila mtu aandike, bila jina lake na bila jina la mgonjwa: ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, alilala masaa mangapi kabla ya kuja, alipata mapumziko au hakupata, na kama karibu akosee, saa ngapi. Daftari likae na mjumbe wa chama. Majuma 4 yakiisha tutajumlisha, na wajumbe wetu wataingia kwa mwajiri na hesabu mkononi, pamoja na yale mambo sita ya kalamu. Akikataa mambo ya fedha tutaelewa kwamba safari bado ni ndefu. Akikataa ya kalamu, tutajua tatizo si fedha, na tutarudi kwenu kuuliza la kufanya.

Mtu mmoja akiandika ataogopa, lakini wodi nzima ikiandika hakuna wa kupewa barua ya onyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenyekiti, tumemaliza. Wale watatu wa nyuma sasa waamsheni polepole, wapeni daftari wawe wa kwanza kuandika, kisha wasindikizeni nyumbani wakalale.